Kizibo cha Manjano

Bolti ya mwisho ilipolegea, sampu, bakuli la chuma la chini ya giaboksi, iliinama upande mmoja na oili ikanimwagikia mkononi hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nimelala chali chini ya gari la marehemu baba, juu ya boksi la jokofu tulilolikunjua, na kilichonishtua kwanza si rangi ya ile oili bali harufu yake. Ilinuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Rhonda," mama aliita kutoka kwenye kiti chake cha turubai pale uani. "Hiyo si oili ya Oktoba."

Hakuwa ameiona bado. Alikuwa ameisikia kwa pua tu. Mama yangu, Verla Stuckey, aliingia kwenye kiwanda cha giaboksi cha mji wetu alipomaliza shule na akatoka alipostaafu, na baba yangu Orrin naye vivyo hivyo. Watu wengine hujua mvinyo, wengine maua. Wazazi wangu walijua giaboksi.

"Labda gari lilichemka," nilisema.

"Labda na mimi ni malkia. Ilete hapa niione."

Nikajiburura kutoka chini ya gari nikiwa nimeishika ile sampu kama sinia la uji. Oili ya giaboksi ikiwa mpya huwa nyekundu, mithili ya dawa ya kikohozi ya watoto. Hii ilikuwa nyeusi tititi. Baba alikuwa amekufa Januari, na sasa tulikuwa Aprili. Oktoba iliyopita, kama kila Oktoba, alikuwa amelipeleka gari shambani kwa mdogo wake, baba mdogo Virgil, kubadili oili hiyo hiyo, akarudi jioni na mikono myeusi na kumwomba mama sabuni ya unga. Majira mawili hayawezi kuifanya oili iwe vile.

Mama aliokota kijiti akaanza kukoroga ule uchafu ndani ya sampu, polepole, kama anayetafuta kipande cha nyama kwenye mchuzi. Kijiti kikagonga kitu. Akakivuta hadi ukingoni, akakitoa kwa vidole, akakifuta kwa upindo wa aproni yake nyeupe. Nilitaka kumwambia asichafue aproni, lakini nilipouona uso wake nikainama nione alichoshika.

Kilikuwa kizibo cha plastiki cha manjano, kidogo, hakifiki hata kidole gumba.

Mtu asiyetoka mji wetu angekitupa. Sisi tulikijua. Kila giaboksi iliyotoka kiwandani kwetu ilikuwa na tundu ambalo baadaye, katika kiwanda kingine, hutiwa bomba la kijiti cha kupimia oili. Ili vumbi lisiingie safarini, tundu lile lilizibwa kwa kizibo cha manjano. Wanaounda gari hawahangaiki kukitoa. Wanasukuma bomba, kizibo kinaangukia ndani, kinalala kwenye sampu bila kudhuru chochote, na anayeifungua sampu ile kwa mara ya kwanza ndiye anayekikuta na kukitupa. Kwa miaka mingi kazi ya mama ilikuwa kuvibandika vizibo vile, kimoja baada ya kingine, mpaka kidole gumba chake cha kulia kikawa na sugu ambayo haikumtoka tena.

"Haijawahi kufunguliwa hii," mama alisema. "Tangu itoke mikononi mwetu, haijafunguliwa."

Mbwa wa jirani alikuwa akibweka. Mama alikigeuza kizibo kiganjani, akakigeuza tena.

"Sasa huyu mwanamume alikuwa akienda wapi?"

*

Baba alilinunua lile gari jipya, mwaka uliofuata mgomo mkubwa wa kiwandani, na tangu hapo aliliabudu. Mara mbili kwa mwaka, Jumamosi moja ya Aprili na moja ya Oktoba, aliondoka asubuhi kwenda kwa Virgil "kubadili oili ya gia." Mara mbili kwa mwaka! Watu wenye akili timamu hubadili oili hiyo mara moja kwa miaka kadhaa, na wengine hawaibadili kabisa. Majirani walimtania: "Orrin, hilo gari lako linaoga kuliko wewe." Naye hucheka, huvuta kofia yake chini, huwasha gari.

Mama alijua kwamba ni upuuzi. Angekosaje kujua, mtu aliyekula mkate wake kwa giaboksi? Lakini alisema mwanamume anahitaji kibanda cha kukaa na ndugu yake wakivunjavunja vitu, na kibanda kina nafuu kuliko baa. Tena yeye mwenyewe alikuwa ameapa kwamba akistaafu hatalala tena chini ya gari lolote. Kwa hiyo kila safari aliishia kumfungashia chakula: chupa ya kahawa, na mikate miwili yenye nyama ya nguruwe na jibini. Mmoja na haradali, wa baba. Mwingine bila haradali, kwa kuwa Virgil, baba alisema, haradali inamchoma kifua.

Nilikuwa nikimwona mama asubuhi hizo akiikunja ile karatasi ya nta pembeni kwa uangalifu, na kwenye mkate usio na haradali anaandika herufi V kwa kalamu ili isichanganyike.

Aprili hii gari lilikuwa limeanza kuteleza gia. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari linakuangalia tu. Mama alisema ni mwezi wa Orrin, acha tumfanyie kazi yake, nami nikaja na jeki na chujio jipya nikidhani tunamuenzi marehemu.

*

Mgomo ule ulikula majira mazima ya baridi. Sitausimulia wote. Waliokuwepo wanaukumbuka kwa mapipa ya moto mbele ya geti, kwa vidole vilivyokufa ganzi, na kwa vile majirani walivyogawana viazi. Wanaukumbuka pia kwa majina ya waliovuka mstari wakaingia kazini wenzao wakiwa nje. Katika mji wetu aliyevuka mstari wa mgomo amekufa. Kinyozi hamnyoi. Akiingia dukani, watu wanamgeuzia mgongo mmoja mmoja mpaka atoke, na hakuna anayeona kwamba ni ukatili. Walivyofundishwa na baba zao ndivyo walivyofanya.

Kaka yangu Lonnie alivuka. Alikuwa na binti mchanga mwenye tatizo la moyo, mtoto yuko hospitali, na bima ya matibabu, iliyolipwa na kiwanda, ilikuwa imekatwa siku mgomo ulipoanza. Asubuhi moja alishusha kofia usoni, akapita katikati ya mapipa ya moto, akapita mbele ya baba, akaingia.

Mama alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwa zamu yake. Jioni ile ukumbi wa chama ulijaa, na mzee mmoja akasimama akamuuliza mbele ya wote: "Verla, utatuongoza vipi na mwanao yuko ndani?" Mama alisimama. Nilikuwepo, nimesimama karibu na mlango. Sauti yake haikutetemeka.

"Mimi sina mwana," alisema.

Watu walipiga makofi. Baba alikuwa ameketi kando yake, kofia juu ya goti, akiitazama ile kofia. Hakusema kitu pale, wala njiani, wala nyumbani. Lonnie alihamia mji wa Fort Wayne na mkewe na mtoto wao, na jina lake halikutajwa tena katika nyumba yetu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi nilikuwa nikipata habari zake wakati wa Krismasi, kisha akahama nyumba na namba yake ikafa. Kwenye mazishi ya baba nilimuuliza Virgil, "Lonnie ataambiwa?" akaitikia kwa kichwa. Nikadhani atamwambia yeye.

*

"Mpigie Virgil," mama alisema. "Weka sauti juu. Nitazungumza mimi."

Nilifuta mikono, nikapiga, nikampa simu. Kizibo kilikuwa kingali ndani ya ngumi yake.

"Virgil, Orrin alikuwa akija kwako?"

"Alikuwa akija, shemeji. Unajua alikuwa akija."

"Kubadili oili ya gia?"

Tukasikia ng'ombe wake wakilia huko nyuma. "Shemeji," alisema, "yule mtu amelala. Tumwache alale."

"Nimekishika kizibo mkononi, Virgil."

Virgil naye alikuwa mtu wa kiwanda. Hakuhitaji kuambiwa kizibo gani. Alivuta pumzi ndefu.

"Alikuwa anapita asubuhi kunisalimu tu. Jioni anapita tena, anajipaka mikono uchafu wa trekta langu. Nilikuwa namcheka mimi. Namwambia, Orrin, wanaume wenzako hunawa kabla ya kurudi kwa wake zao, wewe unajichafua!"

Mama hakucheka. "Alikuwa na mwanamke?"

"Mwanamke? Orrin? Shemeji, yule alikuogopa hata akiwa usingizini." Kisha sauti yake ikashuka. "Alikuwa anakwenda Fort Wayne."

Mama hakuuliza Fort Wayne kuna nani. Alitazama lile gari lililokaa juu ya stendi zake, tumbo wazi.

"Na ule mkate?" aliuliza.

"Mkate gani?"

"Usio na haradali. Alisema haradali inakuchoma kifua."

"Inichome mimi? Shemeji, mimi haradali nalamba na kijiko."

Mama alinirudishia simu bila kuaga. Mimi ndiye niliyemuuliza Virgil nyumba iko wapi, na kama Lonnie anajua kwamba baba amekufa. "Si uliniuliza kule kaburini?" alisema. "Nilidhani unaniambia kwamba utamwambia wewe." Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba leo ni Jumamosi ya kwanza ya Aprili, na kwa kawaida ndiyo siku yenyewe.

Lonnie alipokuwa mdogo alikuwa akiikwangua haradali kwenye mkate na kuipaka chini ya meza ya jikoni, na mama akaja kuigundua imekauka pale, tabaka juu ya tabaka. Alimchapa, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Meza ni ile ile hadi leo. Nimejiuliza mara nyingi kama kweli mama hakujua. Kama mkono unaweza kumjua mtu ambaye mdomo umemkana. Sikuwahi kumuuliza.

Nilimkasirikia baba siku ile. Nilimkasirikia mpaka nikaona haya, maana marehemu hawezi kujitetea. Alikuwa amekula na mwanawe mara mbili kila mwaka, amemwona mjukuu wake akipona na kukua, kisha akarudi nyumbani akanawa mikono mbele ya mwanamke mwenye njaa ya mwana yule yule.

Mama hakuwa amelia kwenye mazishi. Alilia pale uani, ameketi kwenye kiti cha turubai, kwa sauti, bila kuuficha uso.

"Nilikuwa namngoja," alisema. "Siku ile tumerudi kutoka ukumbini, nimekaa kitandani nimevua kiatu kimoja, namngoja aniambie, 'Verla, basi.' Neno moja tu! Nisingebisha. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, Rhonda, miaka yote hiyo niko nalo. Mimi nilisema mbele ya watu, nisingeweza kurudi nyuma peke yangu. Nilitaka aniombe ili nikubali. Na yeye alikuwa anachukua mkate wangu, anapanda gari, anakwenda."

"Alikuogopa, mama."

"Aliogopa nini? Nilikuwa nalala kando yake."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Hawakusema wazazi wawili wanaweza kuubeba ndani ya nyumba moja, kila mtu na wake, bila kugongana kwenye korido.

Alijifuta uso kwa ile aproni, ikamwachia mstari mweusi shavuni.

"Weka chujio jipya," alisema. "Funga sampu. Tia oili."

"Mama, hii oili ni ya tangu kiwandani. Tukitia mpya..."

Alijua nilichotaka kusema. Mji mzima unajua. Giaboksi iliyozeekea kwenye oili yake usiiguse, maana ule uchafu ndio unaoishikilia. Ukiuondoa, gia zinakosa cha kung'ang'ania na gari linakufa ndani ya wiki. Wengine wanabisha, lakini hakuna anayethubutu kujaribu kwa gari lake mwenyewe. Mama mwenyewe aliwahi kuwakataza majirani wengi.

"Tumeshaimwaga," alisema. "Hayazoleki tena. Wewe omba litufikishe tu."

Nikarudi chini ya gari. Nilifunga chujio, nikapanga gasketi, nikazikaza zile bolti kwa kupishanisha kama alivyonielekeza, si kwa nguvu, nguvu huvunja. Tulimimina oili mpya kiasi kile kile kilichotoka, chupa moja moja, kupitia bomba la kijiti, lile lililokisukumia kizibo ndani miaka mingi iliyopita. Mama aliketi kwenye usukani, mguu juu ya breki, injini ikiunguruma, akautembeza mkono wa gia polepole: rivasi, huru, mbele, kila mahali akikaa kidogo ili oili ienee. Nilichomoa kijiti, nikakifuta, nikakitumbukiza tena. Oili ilisimama kwenye alama, nyekundu.

"Inatosha," nilisema.

Hakuzima. Alikuwa ameutazama ukuta wa gereji mbele yake, mkono juu ya gia.

"Lishushe chini," alisema. "Mimi naingia jikoni mara moja."

*

Aliendesha yeye. Nilijaribu kumpokonya ufunguo akanitazama mara moja tu, nikazunguka upande wa abiria. Mashamba yalikuwa bado hayajapandwa, udongo mweusi mtupu hadi kwenye maghala ya mbali. Kila gia ilipobadilika gari lilisita kidogo, kama mtu anayefikiria kama aseme au asiseme, halafu likashika. Mama aliinamisha kichwa akisikiliza. Kila liliposita nilifunga macho. Liliposhika, aliupapasa usukani kwa kiganja.

Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akikariri sentensi. Nilisikia vipande: *baba yako* na *Januari* na *hatukujua.* Akifika mwisho anaanza tena.

Mama naye sasa amelala kando ya baba. Kizibo kiko dirishani kwangu, ndani ya kikombe, na jua limekichujua rangi. Nikikiona huikumbuka zaidi ile safari kuliko yaliyotokea mwisho wake, maana njia nzima bado palikuwa na mahali fulani duniani ambapo baba yangu alikuwa hai, anatarajiwa, amechelewa kidogo tu.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya mbao, na mlango wa gereji ulikuwa wazi. Ndani yake palikuwa na viti viwili vimeelekezwa barabarani. Juu ya kimoja palikuwa na mto wa mgongo, kwa kuwa baba alikuwa na mgongo mbovu. Gari lilipopinda kuingia uani, mwanamume mwenye mvi alitoka nyuma ya gereji na birika la kahawa mkononi, kwa mwendo ule ule wa baba, bega moja chini.

"Mzee, leo umenisubirisha!" alipaza sauti, akicheka. "Kahawa imeshapoa, na ule mkate wangu usipokuwepo..."

Kisha akaona nani yuko kwenye usukani.

Mama alizima injini. Alishuka taratibu, akishika mlango, akiwa bado na ile aproni na mstari mweusi shavuni. Lonnie alinitazama, akatazama kiti cha nyuma, akamtazama tena mama.

"Baba yuko wapi?"

Mama alifungua mdomo. Sentensi aliyoikariri njia nzima haikuja. Nilimwona akiitafuta. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa mkate uliofungwa kwa karatasi ya nta, pembe zimekunjwa vizuri, haukuandikwa herufi yoyote, akaunyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Hauna haradali, Lonnie," alisema.